Mjumbe Hauawi: Wito kwa Wenye Magari na Mafundi Wetu

Ile taa ya manjano yenye picha ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, kila mmoja ana dawa yake. Kuna anayechomoa terminali ya betri, anasubiri kidogo, anairudisha, taa inazima, anamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Kuna anayebandika kipande cha solotepu nyeusi juu yake ili isimsumbue macho usiku. Na kuna yule ninayemwonea huruma kuliko wote: anakwenda gereji na fedha alizojinyima, anaambiwa "bosi, hapa sensa ya oksijeni imekufa," anainunua, inafungwa, na kabla wiki haijaisha taa imerudi palepale.

Nawaandikia hao wote, pamoja na mafundi wanaowahudumia. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuzima taa, kabla ya kununua sensa, na hasa kabla ya kumruhusu mtu akate chochote chini ya gari lako, tupime kwanza. Kupima kunagharimu kidogo, na faida yake haimfikii mwenye gari peke yake. Inamfikia mama anayeuza karanga kwenye foleni ya Ubungo, mtoto wa shule anayevuka barabara nyuma ya ekzosi yako, na trafiki anayesimama katikati ya moshi wetu kutwa nzima.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengi tunalipia tusichowahi kukiona. Sensa ya oksijeni ina umbo linalokaribia plagi, imefungwa kwenye bomba la ekzosi, na waya zake zinatokea nyuma. Kichwa chake kimefunikwa na kikofia cha chuma chenye matundu. Ndani ya kikofia kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa utando mwembamba wa platinamu. Upande mmoja wa kauri hiyo unapigwa na moshi wa injini, upande wa pili unagusana na hewa safi ya nje. Ikishapata joto la nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme mdogo sana. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani petroli imezidi, umeme unapanda hadi karibu volti 0.9. Oksijeni ikibaki nyingi, yaani petroli imepungua, unashuka hadi karibu volti 0.1. Kontrol boksi inausoma umeme huo na kuziamuru nozeli ziongeze au zipunguze mafuta, muda wote injini inapounguruma, ili kilo 1 ya petroli iungue na takriban kilo 14.7 za hewa. Huo ndio uwiano ambao petroli yote inaungua na hewa yote inatumika.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyotengeneza sensa ya kwanza ya aina hii kuingia kwenye magari ya kuuzwa, na Volvo ikaifunga mwaka 1976 katika magari iliyoyapeleka Marekani. Sababu ilikuwa hewa. Jimbo la California lilikuwa limeweka masharti makali ya moshi, na karibureta za wakati ule hazikuweza kuyatimiza. Basi anayekuambia kwamba sensa hii ni pambo la Wazungu la kutusumbua sisi wa barabara za vumbi, mwambie ilizaliwa kwa ajili ya mapafu ya watu wa mjini, na watu wa mjini sasa ni sisi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na kosa letu kubwa gereji ni kumwua mjumbe. Mashine ya kupimia inasema mchanganyiko una petroli pungufu. Nani ameleta habari hiyo? Sensa. Basi sensa inahukumiwa, inafunguliwa na kutupwa, na anakuja mjumbe mpya wa bei ghali kusema habari ileile. Mara nyingi sensa haina kosa lolote. Imesema kweli, na ukweli huo unatoka mahali pengine kwenye gari.

Chukua namba ya hitilafu P0171, mashuhuri katika magari madogo ya Kijapani yaliyojaa mijini kwetu. Namba hiyo haisemi sensa mbovu. Inasema kontrol boksi imeongeza petroli hadi imefika mwisho wa uwezo wake, na bado moshi una oksijeni nyingi. Yapo mengi yanayoweza kuleta hali hiyo. Mpira mnene wa hewa unaotoka kwenye ekleana kwenda kwenye injini huchanika kwenye mikunjo yake, na mpasuko hauonekani mpaka uukunje kwa mkono ukiwa na tochi. Mpira mwembamba wa vakyum huchoka na kuchomoka. Sensa ya hewa, ile inayokaa karibu na ekleana, hushika vumbi na kusema uongo kuhusu kiasi cha hewa kinachoingia. Pampu ya mafuta huchoka, nozeli huziba. Hata plagi au koili mbovu inaweza kuleta mkanganyiko: silinda moja isipochoma, oksijeni yake yote inatoka kama ilivyoingia, sensa inaiona, na kontrol boksi inadhani petroli imepungua kumbe imejaa tele.

Halafu kuna tundu la ekzosi. Gasketi ya manifoldi ikivuja, utaona alama ya masizi meusi pembeni yake, na asubuhi injini ikiwa baridi utasikia mlio mdogo wa kufyatuka unaofuata mapigo ya injini. Watu wanadhani tundu hutoa moshi tu. Kila baada ya pigo la moshi bomba hunyonya kidogo, na hewa ya nje inaingia. Ikiwa tundu lipo kabla ya sensa, sensa inaona oksijeni isiyotoka kwenye injini, inaripoti, petroli inaongezwa, na gari linaanza kula mafuta. Mwenye gari analaumu kituo cha mafuta, fundi analaumu sensa, na gasketi inatulia pale ilipo.

Kwa hiyo fundi wangu, unapoisoma namba kwenye mashine, usiifute. Iandike. Kisha angalia zile asilimia za marekebisho ya mafuta ambazo karibu kila mashine inazionyesha, hata zile ndogo zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth. Zikicheza karibu na sifuri, mchanganyiko uko sawa. Zikipanda juu ya kumi, kontrol boksi inalazimika kuongeza petroli. Zikishuka chini ya kumi hasi, inapunguza. Piga resi kidogo hadi mizunguko 2,500 uone zinakwenda wapi. Asilimia kubwa wakati injini inanguruma bila resi, halafu inarudi sawa ukipiga resi, hiyo mara nyingi ni hewa inayoingia kwa njia ya wizi baada ya ekleana. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyoongeza resi, mshuku pampu au chujio la mafuta. Kazi hiyo haihitaji hata kufungua nati moja.

Na kama namba inaitaja sensa yenyewe? Hata hapo kuna mtego. P0135, kwa mfano, inahusu hita ya sensa ya mbele. Ndani ya sensa za kisasa kuna hita ndogo ya umeme inayoipasha joto haraka ili ianze kazi injini ikiwa bado baridi. Hita ikikosa umeme, namba hiyo inatokea. Lakini umeme huo unapita kwenye fyuzi, pengine na rilei, na fyuzi ni bei ya soda. Chomoa soketi ya sensa, washa swichi, pima upande wa gari kama umeme wa betri unafika; katika baadhi ya magari itabidi uwashe injini ndipo uuone. Usipofika, tafuta fyuzi na waya kabla ya kugusa sensa. Ukifika, geukia upande wa sensa na upime ukinzani kati ya pini mbili za hita. Katika sensa nyingi zenye waya nne, waya hizo mbili zina rangi moja. Injini ikiwa baridi utapata omu chache, kwa kawaida kati ya 2 na 15 kutegemea aina. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika, na hapo sensa imekufa kweli. Umepima, umethibitisha, mwambie mwenye gari anunue bila wasiwasi.

Naomba pia tuache tabia ya kupima ukinzani kwenye waya wa taarifa. Kauri ile haipimwi hivyo, na umeme wa multimita unaweza kuiharibu. Waya wa taarifa unapimwa kwa volti, injini ikiwa ya moto na soketi ikiwa imechomekwa. Sensa nzima ya aina ya kawaida itapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde 10, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500. Piga resi ghafla, ipande. Achia, ishuke. Chomoa mpira mmoja wa vakyum, ishuke tena. Sensa inayofuata mambo hayo upesi ni nzima, hata kama namba kwenye mashine imeitaja kwa jina. Inayosimama kwenye volti moja bila kujali unachofanya, au inayojikokota, imechoka. Zenye hita hufanya kazi kilomita laki 1 na zaidi zikipata mafuta safi na injini isiyokula oili, na magari mengi yanashuka bandarini yakiwa yameshakimbia umbali huo.

Kuna jambo hapa linalowapoteza hata mafundi wazuri. Magari mengi ya Toyota ya tangu miaka ya 2000 yana sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano kwa upana zaidi. Hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Ukiipima kama ya zamani utaiona imesimama tuli na utaihukumu bure. Soma thamani yake kwenye mashine. Na ukiagiza spea, agiza kwa namba ya gari na ya injini, kwani sensa mbili zinaweza kufanana soketi na nyuzi za kufungia zikatofautiana tabia kabisa. Ukifunga ya kawaida mahali pa ile ya upana, utahangaika na gari hilo mpaka mteja akuchoke.

Sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega, yaani kauri ya kusafisha moshi iliyo ndani ya ekzosi, nayo ina lugha yake. Kazi yake kubwa ni kuyachunga masega. Masega yakiwa mazima, sensa hiyo inatulia. Ikianza kucheza sawasawa na ya mbele, ndipo P0420 inatokea. Kwenye injini ya silinda nne kama ya IST au Vitz hakuna utata, moja mbele moja nyuma. Kwenye injini ya V6 zipo pande mbili, na upande namba 1 ni ule wenye silinda namba 1. Sensa nzima ngapi zimetupwa kwa sababu fundi alibadilisha ya kushoto badala ya kulia!

Niseme neno kwa wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi, ambao Dar es Salaam sasa ni wengi. Gesi asilia inahitaji hewa nyingi kwa uzito kuliko petroli, na mfumo wa gesi unatakiwa kulinganishwa vizuri na kontrol boksi ya gari. Taa ikiwaka baada ya kufunga gesi, usikimbilie duka la spea. Rudi kwa waliokufungia warekebishe mfumo, kisha upimwe ukiwa kwenye petroli na ukiwa kwenye gesi. Ukiona tatizo lipo kwenye gesi tu, sensa yako haina hatia.

Tukikubaliana kwamba sensa imekufa kweli, basi ifungwe kama inavyostahili. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza, maana chuma kikiwa na uvuguvugu nyuzi zinaachia kwa urahisi. Mwagia dawa ya kutu, subiri. Tumia spana ya milimita 22, au ile soketi ndefu yenye mpasuo wa kupitishia waya, si patasi na nyundo. Angalia kichwa cha sensa iliyotoka kabla ya kuitupa, kwa sababu kinaeleza kilichoiua. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli ilizidi muda mrefu. Utando wa kahawia wenye mafuta unaonyesha injini inakula oili. Weupe wa unga hutokana na maji ya rejeta yanayoingia kwenye chumba cha kuunguzia, au silikoni. Ukifunga mpya bila kuondoa chanzo, nayo inakwenda kuzikwa palepale.

Silikoni naisisitiza kwa sababu tunaipenda mno. Ile gundi ya kwenye tyubu tunayopaka kila mahali panapovuja, aina zake za kawaida hutoa mvuke unaoingia kwenye injini na kutoka na moshi, ukaipaka kauri utando usioondoka. Zipo aina zilizoandikwa kwamba hazidhuru sensa. Tumia hizo, na usizidishe. Ile grisi maalumu ya kuzuia kutu ipakwe kwenye nyuzi peke yake, isiguse kikofia. Sensa nyingi mpya zinakuja zimeshapakwa. Na waya zisiunganishwe kwa kuchomelea risasi. Baadhi ya sensa huvuta ile hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi za shaba. Ukizijaza risasi ya kuchomelea, umeziba pumzi yake. Nunua yenye soketi ya gari lako, au tumia viungio vya kubana.

Wauzaji wa spea wa Gerezani na Shauri Moyo, na ndugu zenu wa Kirinyaga Road kule Nairobi, ninyi mna nafasi kubwa kuliko mnavyodhani. Mteja haijui Denso halisi wala NTK halisi. Anaijua boksi. Ukimuuzia boksi zuri lenye sensa bandia, hita yake inakatika baada ya muda mfupi, fundi anapoteza jina, na mteja anaamua kwamba sensa ni kazi bure, afadhali solotepu. Kwa Tanzania Bara, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia, na malalamiko ya mnunuzi yanapokelewa. Mwuzaji mwaminifu hana sababu ya kuiogopa. Ampe mteja risiti yenye namba ya spea, na ampe siku za kuirudisha ikibainika haifanyi kazi.

Sasa niseme la masega, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yale matundu membamba ya kauri ndani ya ekzosi yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua inamaliziwa, na oksaidi za naitrojeni zinavunjwa. Ila masega yanafanya kazi hiyo vizuri pale tu mchanganyiko unapokaa karibu na ule uwiano wa 14.7, na anayeuweka pale ni sensa ya mbele. Vitu hivi viwili ni ndugu. Sensa ikichoka na petroli ikazidi kwa miezi, mabaki yanaungua ndani ya masega, yanayapasha moto kupita kiasi, kauri inayeyuka na kuziba, gari linakosa nguvu mlimani. Fundi anasema toa masega. Mnunuzi yuko tayari mlangoni, kwa sababu madini yale yana soko. Mwenye gari anapewa noti kadhaa na anahisi amepata faida. Taa ikiwaka tena, sensa ya nyuma inafungiwa kipande cha bomba cha kuisogeza mbali na moshi ili isione kitu, na kila mtu anakwenda nyumbani na furaha yake.

Faida hiyo inalipwa na watu wengine. Kaboni monoksaidi inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Haina rangi wala harufu. Anayeivuta kidogokidogo kwenye foleni anaumwa kichwa na kulaumu jua. Oksaidi za naitrojeni zikipigwa na jua letu la mchana zinachangia kuzalisha ozoni ya chini, inayokereketa mapafu na kumsumbua mwenye pumu. Tunachangishana kwenye vikundi vya WhatsApp kumpeleka mtoto wa jirani hospitali kwa ajili ya kifua, na asubuhi tunamwashia gari lisilo na masega dirishani kwake. Hili haliniingii akilini.

Ile hoja ya zamani kwamba mafuta yetu yanaua sensa na masega hata hivyo, kwa hiyo tusijisumbue, imepitwa na wakati. Ilikuwa na ukweli enzi za petroli yenye risasi, kwa sababu risasi huipaka sumu kauri ya sensa na kuyanyong'onyeza masega. Lakini mwaka 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza, iliacha mwaka 2021. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikuwepo, na Tanzania mafuta yanawekewa vinasaba ili anayechanganya agundulike. Ukishuku kituo fulani, dai risiti na utoe taarifa kwa mdhibiti wa nishati, EWURA. Usikubali mafuta mabaya yawe kisingizio cha kukata ekzosi.

Sheria zipo. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Mazingira, Kenya iliweka zake mwaka 2014, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Lakini tusijidanganye, hakuna askari atakayelala chini ya kila gari na tochi. Ningefurahi kuona Wiki ya Nenda kwa Usalama, pamoja na kukagua breki, matairi na taa, ikiingiza pia kipimo cha moshi, hata kwa kuelimisha tu mwaka wa kwanza bila faini. Vyuo vya VETA navyo, vinavyowatoa vijana wa umeme wa magari, viwape muda wa kutosha wa kushika multimita kwenye gari linalounguruma. Kijana anayejua kusoma volti za sensa hawezi kufa njaa mjini.

Na ninyi wenye magari, hapa naomba tusemezane bila kuoneana haya. Tunawalazimisha mafundi kubahatisha kwa sababu hatutaki kulipia kupima. Fundi akikaa saa nzima na mashine, akafuatilia mpira mmoja baada ya mwingine, akapata mpasuko, tunamwambia "si umefunga kipande cha mpira tu?" na kumpa hela ya soda. Akitubadilishia sensa asiyoipima, tunamlipa bila manung'uniko kwa sababu tumeona spea mpya. Mnamfundisha nini? Lipia akili ya mtu kama unavyolipia chuma. Mpime fundi kwa maswali mawili tu: "Namba ya hitilafu ni ipi?" na "Umethibitishaje kwamba ni sensa?" Mwenye majibu, mpe gari. Anayekwambia "we niachie tu, mzee," chukua ufunguo wako kwa heshima.

Vijiwe vya teksi na madereva wa mtandaoni mna njia rahisi zaidi. Mashine ndogo ya kusomea namba haimzidi nguvu mtu anayecheza upatu. Kikundi kikichanga, kikanunua moja na multimita moja ya maana, kikamweka mwanachama mwenye utulivu wa kujifunza, kila gari kijiweni linapimwa kabla ya kwenda kwa fundi. Soketi ya kuchomekea iko chini ya dashibodi upande wa dereva, yenye pini 16. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi na kila mashine ingawa soketi inaingia, hivyo jaribuni kabla ya kulipa.

Ikiwa taa yako inawaka leo unaposoma haya, acha betri ilipo. Taa ikiwaka bila kupepesa unaweza kuendesha taratibu hadi gereji. Ikipepesa, simama, kwa sababu injini haichomi sawasawa na masega yako yanaungua wakati huohuo. Ukifika, omba gari lisomwe mbele yako, na uipige picha namba ya hitilafu kwa simu yako kabla mtu yeyote hajaifuta.